Chumvi ya Ng'ombe kwenye Njia ya Bustani

Dada yangu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu kila nikimwongelea, watu hunipa pole ya msiba, na pole hiyo hunikera, maana hakuna aliyekufa. Yuko kijijini kwetu Igowole, analima, anauza maharage, Jumapili anakwenda kanisani na kitenge chake kilichopigwa pasi. Mimi ndiye niliyempoteza, na nilimpoteza kwa sababu ya magugu. Ukicheka sikulaumu. Ningesimuliwa na mtu mwingine, hata mimi ningecheka.

Kazi yangu ni bustani. Si shamba, ni bustani ya umma hapa Mbeya mjini, mahali ambapo maharusi huja kupiga picha Jumamosi na wanafunzi huja kujifanya wanasoma. Kuna nyasi za ukoka, vitalu vya waridi, uzio wa michongoma, na njia ndefu ya vitofali inayozunguka yote. Mimi ni msimamizi. Chini yangu wakati huo walikuwepo akina mama watano wa kibarua, na juu yangu alikuwepo mkuu mmoja wa ofisi ambaye hakuwa anajua tofauti ya waridi na mbigili, lakini ndiye mwenye kuweka sahihi.

Tangu kabla yangu magugu ya bustani ile yalikuwa yanapigwa dawa. Mtu anavaa bomba mgongoni, anapuliza njia yote asubuhi moja, wiki inayofuata kila kitu kimekauka, wakubwa wanafurahi. Lakini bustani iko kwenye mteremko. Chini yake kinapita kijito, na kandokando ya kijito watu wamelima mchicha na chainizi. Mvua ikinyesha nilikuwa nasimama kwenye kibaraza cha stoo nikiangalia maji yanavyotelemka kutoka kwenye njia yetu hadi kwenye matuta yale, bila hata kupinda kona. Mboga zenyewe nilikuwa nazinunua na kuzila. Na si hilo tu. Wale akina mama wangu, kabla ya kung'oa magugu, walikuwa wanapita kwanza kuchuma mnavu na mchunga kwenye vitalu, wanafunga kwenye khanga, ndiyo mboga ya jioni. Ukiwakataza wanakuitikia vizuri kabisa, halafu wanachuma.

Basi nikaenda kwa mkuu nikamwambia nataka kuacha dawa. Nilibishana naye wiki kadhaa, maana mimi nina hasira za karibu na mdomo mrefu, na mwisho akachoka. Akasema, "Haya, jaribu mwaka mmoja. Lakini wageni wangu wakija wakakuta majani kwenye njia, dawa inarudi, na wewe tutaongea vizuri." Nikatoka ofisini kwake nikiwa nimevimba kwa furaha, kama nimepewa nchi.

Sasa dada. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo ulionibeba baada ya hapo ni wa dada. Alikuwa binti mdogo. Alikuwa anakwenda kuchuma chai na mimi nimefungwa mgongoni, kapu nalo limeshindikana kukaa mgongoni kwa hiyo amelining'iniza ubavuni, na wenzake wanamcheka kwamba ana mizigo miwili na mmoja unalia. Hiyo alinisimulia yeye, mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilipofika umri wa shule, nilikuwa na sare, na yeye alikuwa hana viatu. Alinisomesha mpaka nikapata cheti changu cha bustani. Akaolewa, akafiwa na mume, watoto wake wakakua wakaenda zao. Siku moja akanipigia simu akasema, "Mdogo wangu, huku nimebaki naongea na kuku." Nikamwambia njoo.

Akaja Mbeya. Akapanga chumba nyumba ya pili kutoka kwangu, kule Iyunga, na jioni alikuwa anakuja kunipikia kwa sababu nilikuwa sijaoa, na kwa sababu kila nikipika alikuwa anaonja, anaangalia dari, anasema "Mungu ni mwema," anamwaga. Nafasi moja ya kibarua ilikuwa wazi bustanini. Nikamwingiza. Mkuu alikuwa hapendi kabisa mambo ya kuajiri ndugu, alishamfukuza msimamizi mwingine kwa hilo. Nikamwambia dada, "Pale kazini tusijuane sana." Akasema sawa. Aa wapi! Siku ya kwanza tu, mbele ya wenzake wote: "Mdogo wangu, umekunywa chai?" Akina mama wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo wote walijua, isipokuwa mkuu.

Mwaka ule bila dawa ulikuwa mgumu, nisikudanganye. Kwenye vitalu tulifanikiwa. Tulitandaza majani makavu na nyasi zilizokatwa, tukaweka tabaka nene, magugu yakakosa mwanga, na yaliyobaki yakang'olewa kwa mkono. Waridi zikapendeza. Nyuki walirudi, nasema kweli. Tatizo lilikuwa njia. Kati ya kitofali na kitofali kuna ufa wa kidole, na kwenye kila ufa ndago. Anayelima anaijua ndago. Unaivuta, jani linakatika, kitunguu chake kinabaki chini kinakucheka, na baada ya siku chache ziko tatu pale ilipokuwa moja. Tulijaribu kumwaga maji ya moto. Yalifaa, lakini kuni zikawa tabu na mama mmoja akaungua mguu, nikaacha. Ikabaki kisu. Kila mama anachukua sehemu yake ya njia, anainama, anachokoa ufa mmoja mmoja.

Wanawake wa kwetu hawachuchumai wakipalilia. Wanainama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, saa nzima. Juni na Julai, baridi ya Mbeya unaijua, ukungu umeshuka mpaka kwenye vitofali, na dada yangu ameinama na sweta langu la zamani, anachokoa. Jioni alikuwa anafika kwangu anashika mlango kabla ya kuingia. Nikimuuliza anasema ni ubaridi. Siku moja nikamkuta amelala sakafuni jikoni, chali, sufuria inachemka mekoni juu yake. Akasema, "Usiogope, nanyoosha kiuno. Hebu koroga hiyo."

Akaniambia jambo moja usiku... hapana, ilikuwa jioni ileile, nakumbuka maharage yalikuwa hayajaiva. Akasema, "Pale njiani tu, mdogo wangu. Pale njiani ungeruhusu kadawa kidogo. Kwenye maua tutaendelea kwa mkono." Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza habari ya kijito, matuta, sumu inavyokwenda, nikamweleza kama niko darasani, na yeye amelala sakafuni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Sumu hapana."

Leo najiuliza kwa nini sikumpunguzia tu kazi. Ningeweza kumweka kwenye vitalu. Jibu ninalo, nalo si zuri: niliogopa wenzake waseme napendelea ndugu. Niliwaogopa akina mama wanne waliokuwa wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi.

Mwezi wa kumi nikaitwa semina Iringa, ya watu wa bustani na mazingira. Waliposikia kwamba kuna bustani ya umma inayotunzwa bila dawa, wakataka niongee. Jamani, niliongea! Nikawapa habari ya matandazo, ya nyuki, ya kijito. Wakapiga makofi. Siku ya mwisho walitupeleka Ilula kuona mashamba ya nyanya, nikanunua ndoo moja ya kumpelekea dada, na njiani kurudi nilikuwa nimeipakata kwenye basi kama mtoto, nikipanga namna nitakavyomsimulia yale makofi.

Nilipofika Jumatatu asubuhi bustanini, nilisimama getini. Njia ilikuwa safi. Si safi ya kisu, yenye mabaki huku na huku. Safi ya kuchomwa. Ndago zote zimelala, zimekuwa kahawia, kwenye kila ufa. Nikawauliza akina mama mmefanyaje? Wakaangaliana, wakacheka, wakasema "Tumejituma, bosi." Dada alikuwa nyuma yao, anaangalia chini, mdomo umejaa kicheko. Nikawashukuru. Nikapiga picha nikamtumia mkuu. Sikuuliza zaidi. Mtu aliyetoka kupigiwa makofi hana maswali mengi.

Mvua za kwanza zilinyesha Novemba, mvua kubwa. Wiki moja baadaye ukoka wa kandokando ya njia ukaanza kugeuka rangi. Nikadhani ni fangasi. Halafu kitalu cha chini, kile cha waridi nyekundu, kikaanza kukauka kuanzia ncha za majani kuja ndani, kichaka kimoja, viwili, mstari mzima. Nilichimba, nikaangalia mizizi, nikamwagilia, jambo ambalo sasa najua lilizidisha. Wageni wa mkuu walikuwa wanakuja baada ya siku chache. Nilikuwa silali. Nikakumbuka njia ilivyoungua, nikaamini kuna mtu amepuliza dawa kwa siri, nikasema huyo nikimpata atanijua.

Mkuu akaja mwenyewe kukagua. Akatembea njia nzima, mikono nyuma. Alipofika kwenye waridi akasimama, akaniuliza, "Hii ndiyo bustani yako isiyo na sumu?" Nikawaita akina mama wote watano, wakajipanga pale mbele ya kitalu. Nikauliza kwa ukali nani amepuliza dawa hapa. Nikauliza tena, safari hii nikapaza sauti mpaka watu waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka.

Dada akatoka mbele. Hakuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa na uso wa mtu anayekuja kuondoa wasiwasi. Akasema, "Mdogo wangu, hakuna aliyepuliza dawa. Ni mimi, nimeweka chumvi."

Ilikuwa hivi. Mmoja wa wale akina mama alitoka Usangu, familia ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Siku wanachokoa ndago akasema kwao bondeni, pale wanapowawekea ng'ombe chumvi ya kulamba, nyasi hazioti miaka na miaka. Maneno ya kupitisha muda tu. Lakini dada yangu akayachukua. Nilipokwenda Iringa akanunua chumvi ya ng'ombe mfuko mzima, akaikoroga na maji kwenye ndoo, na Jumamosi yote akapita na kikopo, ufa kwa ufa, njia yote. Alitaka nirudi nikute pamependeza.

Akaeleza yote hayo mbele ya mkuu, taratibu, na mwisho akasema, "Wewe ulisema sumu hapana. Chumvi si sumu. Tunakula kila siku."

Najua sasa kwamba nilipaswa kucheka. Mtu yeyote mwenye moyo angecheka, au angelia, angemshika mkono. Chumvi ndiyo mbaya kuliko hata dawa kwa udongo, maana haiozi wala haipotei. Inakaa, na mvua inaihamisha tu kutoka ufa kwenda kitalu, kutoka kitalu kwenda kijitoni. Yeye hakujua. Nani alimfundisha? Mimi ndiye niliyesoma, tena kwa miguu yake isiyo na viatu, na nilichomfundisha ni neno moja tu, sumu, nikamwachia aamue mwenyewe sumu ni nini.

Mkuu hakumwangalia dada. Aliniangalia mimi. Akauliza, "Mdogo wangu? Huyu ni dada yako?"

Ulimi hauna mfupa. Nilimwona yule msimamizi aliyefukuzwa. Niliona mwaka wangu mzima umekauka mbele ya macho yangu, makofi ya Iringa yote yamegeuka aibu, na hasira yangu ikatafuta mahali pa kutua. Nikasema, "Hapana, mkuu. Ni kibarua tu. Hawa huita kila mtu hivyo." Na kama hiyo haikutosha, nikamgeukia yeye, aliyenibeba mgongoni kwenye mashamba ya chai, nikasema, "We mama, chukua vitu vyako. Kuanzia leo huna kazi hapa. Ujinga wako umeniharibia bustani."

Wale akina mama wanne waliinamisha vichwa. Yule wa Usangu alifunika uso kwa khanga. Dada aliniangalia kidogo, si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kusoma bango la mbali. Halafu akamwambia mkuu, "Samahani, mzee. Nilimfananisha."

Akaenda stoo, akachukua sweta, akatoka getini. Sikumfuata. Nilibaki kumweleza mkuu habari za udongo.

Jioni nilikimbia mpaka Iyunga. Chumba chake kilikuwa kimefagiwa. Alikuwa ameacha funguo kwa mwenye nyumba, na mlangoni kwangu aliacha maharage yaliyopikwa, kwenye sufuria yangu, yamefunikwa kwa sahani. Nikayala. Nilikuwa na njaa, nikayala yote nimesimama, ndipo nikalia.

Utasema, si ungempigia simu? Nilipiga. Alipokea. Alisema amefika salama, mvua ni nzuri, kuku wapo. Nikasema, "Dada, kuhusu yale..." akasema mtandao unakata. Na kwetu, kusema kweli, mkubwa haombwi radhi kwa simu. Unakwenda kwa miguu yako, na mkono wako haukai mtupu, unaketi chini unasema. Hilo nililijua tangu utoto. Kwa hiyo nikawa nasubiri ruhusa ya kwenda. Kwanza wageni wa mkuu. Halafu tukachimba udongo wa kitalu chote, tukautupa, tukaleta mwingine. Halafu dawa ikarudi, kama mkuu alivyoahidi, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kubeba bomba, nikalibeba mimi. Ndiyo, mimi huyuhuyu wa makofi ya Iringa. Napuliza njia, na mvua ikinyesha sisimami tena kibarazani. Mama wa Usangu aliniuliza kama bado anaweza kuchuma mnavu, nikamwambia hapana, akaacha kuchuma, na nadhani pia aliacha kuniheshimu. Miezi ikapita. Kazi ilikuwa kisingizio. Nilikuwa naona aibu.

Nilikwenda Agosti. Nilishuka Mafinga, nikapanda gari la Igowole, nikiwa na blanketi zito, sukari, majani ya chai, na mafuta ya kuchua kiuno niliyoambiwa na mfamasia kwamba ni mazuri. Njia nzima nilikuwa najirudia maneno yangu. Nilikuwa nimeamua kwamba sitakaa kwenye kiti. Nitakaa chini, mlangoni, nitamwamkia kikwetu, "Kamwene, dada," nitasema nilikukana, nisamehe. Maneno machache. Nilikuwa nayashika mdomoni kama mtu aliyebeba yai.

Alikuwa amepata habari kwamba nakuja. Ua ulikuwa umefagiwa, na kuku alikuwa tayari yuko jikoni, nilisikia harufu. Kilichonitisha ni kiti. Kilikuwa kimoja, kimewekwa katikati ya sebule, kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile ambacho kwetu kinatolewa padri akija, au mwenyekiti wa kijiji. Mtoto wa nyumbani anakaa jikoni, kwenye kigoda, anachungulia sufuria. Mimi sikuwahi kukaa kwenye kile kitambaa maisha yangu yote.

"Karibu, karibu ukae," akasema. Akachukua mizigo yangu kwa mikono miwili, akashukuru kila kimoja. Nikajikuta nimekaa. Sijui nilikaaje, nilikuwa nimeapa sitakaa.

Akatoka, akarudi na beseni na jagi la maji ya kunawa. Nikadhani ataliweka chini. Akasogea mpaka mbele yangu, akakunja kitenge, akapiga magoti. Dada yangu mkubwa, mbele yangu, polepole, goti moja kisha lingine, mkono mmoja umeshika kiuno. Akashika jagi. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Kule bustanini vibarua wote huniamkia hivyo, hata wenye umri wa mama yangu. Ni kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya umri, na mimi huitikia huku natembea, bila kumtazama mtu. Mdomo wangu umezoea. Nasema hivyo si kujitetea, maana hakuna utetezi. Nasema tu ilivyokuwa. Kabla sijamwinua, kabla sijashuka kwenye kile kiti, kabla ya neno hata moja la yale niliyoyabeba kutoka Mbeya, nilimsikia mtu anajibu, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Marahaba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia maji, akaenda kuangalia kuku.